Mbao za Baharini, Mbao za Reli ya Kati

Ujuzi wa kuunda jahazi na ujuzi wa kuunda behewa la reli ni ujuzi wa ukoo mmoja. Nasema hivi kwa kuwa nimefanya kazi zote mbili. Ujana wangu niliupitisha Nungwi, kaskazini mwa Unguja, chini ya mkono wa baba yangu aliyekuwa fundi wa vyombo. Utu uzima wangu niliutumia Dar es Salaam katika karakana ya reli, nikiwa seremala wa mabehewa. Mti wa mvule niliouchonga kule ndio niliokuja kuuchonga huku.

Naandika kwa sababu ya neno ninalolisikia mara kwa mara tangu treni ya umeme ilipoanza safari zake za Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Ni treni nzuri, na mzee kama mimi aliyezoea safari ya kutwa nzima hadi Dodoma hana budi kushukuru. Mabehewa yake mengi yametoka Korea Kusini. Basi vijana wakiyatazama husema kwamba sisi hatujawahi kuunda chochote cha kubeba watu, majini wala nchi kavu, kwamba tangu zamani tulikuwa abiria wa vyombo vya wenzetu. Hilo siwezi kulinyamazia.

Baba hakuwahi kuchora chombo kwenye karatasi. Mwenye mali alikuja, wakakaa barazani, akaeleza anataka kubeba nini na kwenda wapi: boriti za Rufiji, nazi za Pemba, chumvi, abiria wa Tanga. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza habari za bandari: maji yakipwa, chombo kitabaki kinaelea au kitakaa mchangani? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua umbo la tumbo la chombo. Jahazi linalolala ufukweni kila maji yakitoka linahitaji tumbo pana la kulikalia; linalotia nanga kwenye kina linaweza kuchongwa jembamba likakata maji vizuri zaidi. Hayo yote yalikaa kichwani mwake. Kipimo chake kilikuwa shibiri, dhiraa, kamba na jicho.

Mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, ulitoka kwenye gogo la mvule au mbambakofi, mara nyingi kutoka Bara. Ulilazwa juu ya magogo ufukweni, ukasimamishiwa nguzo ya omo mbele na nguzo ya tezi nyuma, na kuanzia hapo mpita njia aliweza kujua chombo kitakuwa kikubwa kiasi gani. Kazi iliyonishangaza zaidi utotoni ilikuwa ya kutafuta mataruma, yaani mbavu za chombo. Taruma halikatwi kwenye ubao ulionyooka. Ukikata pinde kutoka ubao ulionyooka, nyuzi za mti zinakatika katikati ya pinde, na hapo ndipo litakapovunjika bahari ikichafuka. Ni lazima upate tawi lililopinda lenyewe, nyuzi zikafuata pinde tangu mti ungali hai. Tulitafuta kwenye miembe, mifenesi na mitondoo. Baba alipopita shambani kwa mtu alikuwa akitazama juu kwenye matawi, na pengine alikubaliana na mwenye shamba juu ya tawi ambalo lingekatwa baada ya miaka, likishafikia unene.

Mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini, aliye chini akila unga wa mbao kutwa. Kila msumari ulitanguliwa na tundu la keekee, maana msumari ukipigwa bila tundu ubao hupasuka. Shingoni mwake ulizungushiwa pamba iliyolowa mafuta ili maji yasifuate chuma kuingia ndani. Kisha yakaja mambo ya kalafati, na hiyo ndiyo kazi tuliyopewa sisi watoto wa fundi kwanza: kusokota pamba kwa mafuta na kuishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu. Ukishindilia kidogo, chombo kinavuja. Ukishindilia kupita kiasi, mbao zikivimba zitasukumana na kung'oa misumari. Hakuna aliyekuambia kiasi chenyewe. Mkono ulijifunza kwa kusikia mlio wa nyundo ukibadilika.

Sehemu itakayokaa chini ya maji ilipakwa deheni, shahamu iliyochemshwa na kuchanganywa na chokaa, ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Harufu yake haitoki nguoni kwa kufua mara moja.

Katika habari hizi wanawake husahauliwa, na mimi sitaki kuwa miongoni mwa wanaosahau. Kamba za chombo kabla ya nailoni zilitoka mikononi mwao. Walifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, wakayaacha miezi mpaka yaoze, wakayafukua, wakayapondaponda, wakayasokota. Ni kazi ya kusimama majini na kuinama juani. Jahazi zima, kuanzia foromali mpaka nanga, lilining'inia kwenye kazi yao, na jina la fundi likabaki la mwanamume.

Kushua chombo kulingoja bamvua, wakati mwezi ukiwa mpevu au mchanga na maji yakijaa kuliko kawaida. Palisomwa dua, ubani ukafukizwa, mbuzi akachinjwa, kijiji kikaja kuvuta. Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alishike, kwa kuwa nitalirudia nikifika kwenye reli. Chombo kipya kikiingia majini huvuja. Asiyejua hudhani kimeharibika. Fundi hukiacha kikinywa maji kwa siku kadhaa, watu wakiyachota, mpaka mbao zivimbe na viungo vijifunge. Bahari yenyewe humalizia kazi ambayo nyundo haiwezi.

Kabla ya misumari kulikuwa na mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka. Wazee wa baba waliuona. Mimi sikuuona, kwani mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Ilipotakiwa kuundwa mwingine kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, kazi iliyokamilika mwaka 2003, mafundi hawakuwa na mzee wa kumwuliza. Walitegemea mifano midogo iliyohifadhiwa, picha na maandishi ya wageni. Nilisimama mbele ya mtepe ule kwa furaha na uchungu pamoja: chombo kilichobuniwa na watu wetu, kikaundwa tena kwa msaada wa daftari za watu waliokuwa wakipita. Na hata nyumba yake haikusalimika: sehemu ya jengo lile la Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Vijana wa Unguja wanaposikia nilikwenda Bara kutafuta kazi ya reli huuliza, Mzanzibari na treni wapi na wapi? Huwaambia kwamba treni ilifika kwetu mapema. Sultani Barghash alikuwa na reli ndogo ya kwenda Chukwani tangu karne ya kumi na tisa. Mwaka 1905 Wamarekani wakajenga reli nyingine kutoka mjini hadi Bububu, maili saba, ikihudumia abiria na kubeba mizigo hadi ilipofungwa katika miaka ya 1920. Ngome Kongwe, ambayo leo watalii hununua vinyago ndani yake, ilitumika kama karakana na kituo cha reli hiyo.

Niliajiriwa katika miaka ya 1960, enzi za East African Railways and Harbours, shirika lililounganisha reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika tangu mwaka 1948. Karakana yetu ilikuwa na mafundi wa kila kabila, na mabingwa wa useremala wengi wao walikuwa Singasinga. Babu zao waliletwa kutoka Punjab kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896, wakabaki na patasi zao. Aliyenifundisha behewa alikuwa mmoja wao. Tulimwita Sardaji. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kifupi, chenye amri nyingi, lakini alipoushika ubao na kuupapasa kwa kidole gumba nilimwona baba.

Somo lake la kwanza lilipindua kila nililolijua. Mbao za chombo hufungwa zibanane kwa sababu zitaishi katika maji na kuvimba. Mbao za behewa hutoka Dar es Salaam kwenye unyevu wa pwani, kesho yake ziko Dodoma na Tabora kwenye hewa kavu inayopasua midomo, kisha ziko Kigoma kando ya ziwa. Ndani ya safari moja ya kilomita 1,250 hivi ubao unanywea na kuvimba, unanywea na kuvimba. Ukiubana kama wa jahazi, utapinda au utapasuka. Kwa hiyo mbao za sakafu na za dari zilichongwa ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, na ulimi ukaachiwa nafasi ya kucheza ndani ya mfereji. Abiria haoni mwanya, lakini ubao unapumua. Mbao zenyewe zilipangwa ghalani kwa miezi, vijiti katikati ili hewa ipite, zikauke kabla ya kuguswa na randa.

Tofauti ya pili ilikuwa ya misumari. Wimbi hukisukuma chombo polepole na kwa nguvu. Reli hulitikisa behewa kwa vipigo vifupi visivyokwisha, gurudumu likigonga kila kiungo cha chuma njia nzima, na kila kipigo hulegeza msumari kidogo. Behewa likitaka kudumu linataka skurubu na bolti. Sardaji alisikia msumari ukigongwa mahali pa skurubu hata akiwa upande wa pili wa karakana.

Na ya tatu ilikuwa ramani. Baba hakuunda vyombo viwili vilivyolingana, na hakuona sababu ya kufanya hivyo. Karakana ilidai mlango wa behewa hili uingie kwenye behewa lile bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu behewa linaweza kuharibika Tabora na kutengenezwa na mtu asiyekujua. Kwa hilo naiheshimu reli kuliko watu wengi wanavyofikiri. Ilinifundisha kwamba fundi anaweza kumfanyia kazi mwenzake ambaye hatamwona maisha.

Mabehewa yale yalikuwa na fremu ya chuma chini, magurudumu na breki, na mwili uliokuwa wa mbao wote, au ndani yake tu. Likizeeka au likipata ajali tulilivua mpaka fremu ikabaki tupu, kisha tukaliunda upya kuanzia sakafu: nguzo, kuta, madirisha yenye vipande vya mbao vya kuzuia jua, vitanda vya daraja la kwanza na la pili, mabenchi ya daraja la tatu. Mapaa ya mabehewa ya zamani yalikuwa ya mbao zilizotandikwa turubai juu ya rangi nzito yenye madini ya risasi, kisha turubai likapakwa tena. Nilipoiona kazi hiyo nilitabasamu, kwa kuwa ilikuwa kalafati na deheni kwa jina lingine.

Kazi niliyoipenda ni ya mabenchi ya daraja la tatu. Ya daraja la kwanza kila mtu aliitazama. Wakubwa waliyakagua makochi na vanishi. Benchi la daraja la tatu lilikuwa mbao tupu, na mama anayekwenda kwao Kigoma na mtoto mgongoni angelikalia siku mbili. Kwa hiyo nilizungusha kingo zake zote kwa randa ndogo na kuzipiga msasa, hata ile ya nyuma isiyoonekana, ambayo ndiyo inayokata nyama ya paja usiku. Hakuna aliyeniagiza. Mabehewa ya ng'ombe nayo yalikuwa na busara yake: sakafu haikutakiwa kuwa laini, kwa maana ng'ombe akiteleza treni ikipiga breki huvunjika mguu, na mwenye mifugo wa Shinyanga anapoteza mali ya mwaka mzima.

Nilipelekwa Nairobi kwa mafunzo baada ya makumbusho ya reli ya huko kufunguliwa mwaka 1971. Lipo pale behewa moja ambalo Juni 1900 lilikuwa limesimama Kima, na simba akaingia usiku na kumtoa nje afisa wa polisi, Charles Ryall, aliyekuwa amekuja kumwinda. Wageni wengi hulitazama kwa ajili ya simba. Mimi nililitazama kwa ajili ya mbao. Ni behewa lililoundwa karne ya kumi na tisa, na viungo vyake bado vimekaa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanyika. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983. Kazi kubwa za matengenezo zilikuwa zimezoea kwenda Nairobi, na ghafla Nairobi ikawa mbali kuliko Ulaya. Vipuri havikuja. Miaka ile iliumiza, lakini ndiyo niliyojiona fundi kamili. Tulichonga kwa mbao mfano wa kila kipande cha chuma kilichohitajika, mfano ukazikwa kwenye mchanga wa kusubu, ukatolewa, na chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa mahali pake. Seremala anayechonga mfano huo lazima auzidishe ukubwa kidogo, takriban sehemu moja kwa mia, kwa sababu chuma cha kusubu hunywea kikipoa. Mimi niliyefundishwa jinsi mbao zinavyovimba majini, kisha jinsi zinavyonywea Dodoma, sasa nilikuwa nakisia kunywea kwa chuma kwa kutumia mti.

Kigoma ndiko ambako maisha yangu mawili yalikutana. Meli ya Liemba ilikuwa chini ya shirika la reli miaka ile, na mafundi wa reli ndio waliokwenda kuihudumia. Historia yake yafaa ifundishwe darasani. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam ndani ya makasha 5,000, kisha ikapelekwa bara kwa reli ambayo yenyewe ilifika Kigoma Februari 1914. Mafundi watatu kutoka Ujerumani walikuja kusimamia kuiunga upya, lakini watatu hawaungi meli ya mita 70. Waliobeba makasha, waliopiga ribiti na waliotoboa mabati wengi wao walikuwa watu wa kwetu, na majina yao hayako kwenye kibao chochote. Ilishushwa ziwani mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili Waingereza na Wabelgiji wasiipate, injini wakiwa wamezipaka grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ikaanza tena safari Mei 1927 kwa jina la Liemba. Mwili wake ni chuma, lakini vyumbani na sitahani kulikuwa na kazi ya seremala. Niliifanya nikiwa nasikia maji yakipiga ubavuni kwa mara ya kwanza tangu niondoke Nungwi.

Kazi hii ilichukua kitu kwa kila aliyeifanya. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na hatukuwa na vitambaa vya kufunika pua isipokuwa vile tulivyokuja navyo nyumbani. Rangi zenye madini ya risasi tulizikwangua kwa mikono mitupu, kisha tukala kwa mikono ileile. Wenzangu wengi walistaafu na kikohozi. Wengine walipunguzwa kazini reli ilipodhoofika, wakarudi vijijini na masanduku ya zana ambayo wajukuu zao waliyauza kwa mafundi wa samani. Nayaandika haya ili anayesifu kazi ya mikono ajue ililipwaje.

Je, ujuzi umekufa? Wa majini bado. Nungwi, Pangani, Kilwa na Matondoni kule Lamu vyombo vya mbao vinaundwa hadi leo, ingawa mbao nzuri ni adimu na wavuvi wengi wanataka boti za faiba. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda wa Lamu na wenzake walishua jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa takataka za plastiki pamoja na ndala 30,000 zilizookotwa fukweni, na mwaka uliofuata likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Mbao za plastiki hazina nyuzi za kufuata pinde, lakini mafundi walizichonga kwa njia zilezile za jahazi la mti. Huo ndio ushahidi wangu kwamba ujuzi ukiwa hai hauogopi kitu kipya.

Wa mabehewa ndio unaokwisha. Mabehewa ya leo ni ya chuma na alumini, na sidai mbao zirudi. Chuma hakishiki moto kirahisi na katika ajali huokoa watu. Ninachodai ni kwamba mabehewa ya treni mpya nayo yatachakaa, viti vitachanika, milango itakwama, na siku hiyo patahitajika mikono iliyozoea kufungua behewa mpaka fremu na kulirudisha. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha useremala wa samani na wa majengo. Sijui ni kwa nini visiwaite wazee wa reli wachache waliobaki, hata kwa mwezi mmoja, wakae na wanafunzi na behewa moja bovu. Mabehewa mabovu yapo, yamesimama vituoni yakiota majani.

Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo babu aliyewahi kufanya kazi karakana ya reli, au bibi aliyesokota kamba za makumbi, kaa naye wiki hii. Simu yako ina kinasa sauti. Muulize zana zake ziliitwaje, mti gani ulitumika wapi, nani alimfundisha, na kitu gani alikifanya bila kuagizwa. Andika majina ya wenzake wote anaowakumbuka. Kisha upeleke nakala kwenye maktaba ya mkoa au makumbusho iliyo karibu nawe, wala usingoje mpaka msiba ukukute.